Sauti Katika Gari la Mpunga

Alunguli, Kindu
3 Machi 2024

Kwa Mama Msomaji,

Hunijui, na mimi nakujua kwa masikio tu. Naitwa Amuri. Nafanya kazi kwenye shamba la mbegu za mpunga, barabara ya kwenda Kalima, na kila asubuhi naendesha pikapu ya mradi saa nzima na zaidi kufika huko, jioni hivyo hivyo kurudi. Mvua ikiwa imenyesha, usiniulize nitafika leo au kesho. Redio inakatika nyuma ya kilima cha kwanza. Nyimbo nilizokuwa nazo nilizisikiliza mpaka nikaanza kuwachukia waimbaji kana kwamba wamenikosea.

Ndipo Félicien, yule wa kibanda cha simu karibu na kivuko, anayewawekea watu nyimbo kwenye kadi, akaniambia, "Chukua hii, kaka. Njo mama moja anasoma kitabu. Kama haikupendeze, utanirudishia." Sikumrudishia. Ilikuwa hadithi ya fundi cherehani aliyeoa mara tatu. Juzi nilifika shambani nikabaki ndani ya gari, injini nimezima, nangoja sura iishe. Vibarua walinitazama kupitia kioo wakidhani nimepata habari ya msiba.

Félicien amekataa kunipa namba yako. Anasema hupendi simu, nikitaka niandike, barua itazungushwa kwenye kadi tupu na kupanda nayo pikipiki. Hata mji unaokaa hataki kuutaja. Haya, naandika. Nina swali moja: unaisomaje sauti ya yule mke wa pili bila kucheka? La pili si swali. Sauti yako imenikaa vizuri sana masikioni. Kama mzee wa nyumbani kwako hayupo, niambie mapema nijipange.

Ni utani, mama. Nisamehe, ni barabara ndefu.

Amuri wa mpunga


Nilipo
10 Machi 2024

Kijana Amuri,

Mzee wa nyumbani kwangu alitangulia mbele ya haki miaka mingi, lakini usijipange. Nina meno machache na hasira nyingi.

Yule mke wa pili nacheka, tena sana. Nazima simu, nacheka, nakunywa maji, naanza upya. Wewe unasikia ile mara niliyoshinda. Nimefundisha shule ya msingi muda mrefu, na mwalimu hujifunza kucheka akiwa amegeukia ubao.

Félicien aliponiomba nisome, nilidhani ni huruma ya mwanafunzi kwa mwalimu wake wa zamani aliyebaki bila kazi. Nasomea chumbani, dirisha nimefunga, vitenge nimetundika ukutani ili sauti isirudi. Jirani ana jogoo asiye na adabu, utamsikia kwenye sura ya nne, sikuweza kumtoa. Unajua, mtu akisoma peke yake chumbani huanza kujiona mwendawazimu. Kwa hiyo nimefurahi kusikia kwamba kuna mtu barabarani naenda naye kazini kila siku.

Kadi ya pili hiyo hapo. Kwenye madaraja ya mbao punguza sauti na mwendo, vyote viwili.

Mama Msomaji


Alunguli, Kindu
7 Aprili 2024

Mama Msomaji,

Jogoo nimemsikia, ni mwenzetu sasa. Kadi ya pili nimeimaliza, na baadhi ya sura nimezirudia.

Nimekusikiliza asubuhi na jioni mpaka naona kama umekaa pale kwenye kiti cha pembeni. Ndiyo sababu leo nataka kukwambia jambo ambalo sijamwambia mtu wa nje ya ukoo. Mficha uchi hazai.

Nina mke, anaitwa Rachida, na watoto wawili. Ni mwema, hagombani na mtu, mikono yake haikai bure. Lakini anaficha chakula.

Mama yangu alikuja kutoka Kibombo, amechoka na safari, kuku mkononi. Rachida alimpokea vizuri, akamwekea maji ya kuoga. Mama akauliza kama kuna wali kidogo. Rachida akatazama miguu ya mama, uso hakuutazama, akasema, "Muchele imeisha, mama." Tukala muhogo. Kesho yake dada yangu anafagia, anakuta mfuko wa mchele chini ya kitanda. Akaanza kupekua. Kopo la mchele juu ya dari. Mfuko mwingine ndani ya sanduku la nguo za mtoto. Na mchele wenyewe mimi ndiye niliyeuleta kutoka shambani. Mtu wa mpunga, mama yake amenyimwa wali ndani ya nyumba yake. Mji mzima ungecheka.

Si mara ya kwanza, ila mara ya kwanza mbele ya mama. Mwanamke wa kwetu anaweza kusamehewa mengi, lakini si kumnyima chakula mama wa mumewe. Nilimwuliza kwa nini. Alilia tu. Mama alisema, "Mwanamuke wa kuficha chakula, kesho atakuficha weye mwenyewe." Maneno ya dada yangu yalikuwa mabaya zaidi, alitaja uchawi. Wamekata shauri na mimi nimekubali: mavuno yakiisha, mwezi wa sita, nitamrudisha Rachida kwa mama yake Kalima, na watoto watabaki kwetu.

Utasema niongee kwanza na huyo mama mkwe. Wapi! Unajua ukwe wetu ulivyo. Kwa miaka minane nimeona kona ya kitenge chake ikipotelea nyuma ya nyumba, na mimi napotelea upande wa pili. Rachida akimpigia simu natoka nje. Sauti yake nikiikuta sokoni singeitambua. Basi nakuuliza wewe ambaye huna upande: nakosea?

Amuri


Kalima
13 Aprili 2024

Mwanangu Félicien,

Keti kabla hujaendelea kusoma. Yule Amuri wako wa mpunga ndiye mume wa binti yangu Rachida.

Jina Amuri lilinipita kwa sababu Maniema nzima ni akina Amuri, na pikapu ya mradi sikuwahi kuijua. Alipotaja Rachida na Kalima, barua iliniponyoka mkononi. Mungu atusitiri, mkwe wangu ameniomba nimwambie mapema ajipange. Hapo nilicheka mpaka machozi. Kisha nikasoma tena yaliyobaki, na kicheko kikaisha.

Anataka kunirudishia mtoto wangu na kuwazuia wajukuu. Na mimi, kwa desturi, siwezi kumjibu. Mama wa mke akifungua mdomo kumtetea binti yake mbele ya mkwe, amemvua nguo mkwe na amejivua mwenyewe. Watasema kumbe kiburi cha binti kilitoka kwa mama. Kazi hiyo ni ya wajomba na baba wadogo, na wa kwetu vita viliwatawanya, wengine hatujui hata makaburi yao. Nikimpigia Rachida, atajua kwamba mumewe anamsema nje. Namjua mwanangu. Atafunga mzigo mwenyewe kabla ya kufukuzwa.

Anaficha chakula, ni kweli, na sababu naijua. Yeye mwenyewe sidhani kama anaweza kuieleza. Alikuwa na miaka saba.

Kwa hiyo nitasoma kitabu cha tatu. Usikitafute popote, hakipo. Nitafungua kitabu chochote mbele yangu ili mikono ipate cha kushika, na nitasema mambo ya nyumba yetu ya Kindu mwaka 2002, majina nimebadilisha. Kadi hizo mpe yeye tu, usiwauzie madereva wengine. Na usimwambie mimi ni nani. Ni hila, najua. Mtu mzima akikosa mlango hupita dirishani, hata kama magoti yanauma.

Mwalimu wako,
Hawa


Nilipo
13 Aprili 2024

Amuri,

Umeniuliza kama unakosea. Sitakujibu. Kazi yangu ni kusoma.

Ila nina ombi. Naanza kitabu kirefu, nitakituma vipande vipande. Usimpeleke mtu popote kabla sijafika mwisho. Niahidi hivyo, kwa ajili ya kiti cha pembeni.

Mama Msomaji


Alunguli, Kindu
19 Mei 2024

Mama Msomaji,

Ahadi nimeishika, lakini kitabu hiki unakisoma tofauti na vile vingine. Unakwenda polepole. Mahali pengine unanyamaza mpaka nadhani kadi imeharibika, naigonga redio ya gari, ndipo unaendelea.

Mwaka ule nilikuwa kijana mdogo Kibombo. Tuliambiwa Kindu imezungukwa, treni haiji, anayekwenda shambani kutafuta muhogo hana hakika ya kurudi. Tulisema maskini wale, tukaendelea na yetu. Ndani ya nyumba kulikuwaje sikuwahi kufikiri. Sasa najua wanawake wa kitabu chako walichimba shimo chini ya mafiga, wakaweka mchele ndani ya mtungi, wakarudisha udongo na kuwasha moto juu yake ili ardhi ionekane ya zamani. Najua walikuwa wanatoa kikombe kimoja tu, wanapika uji mwepesi, wanaupika mchana wakati moshi wa nyumba zote umechanganyika. Mimi mtu wa mpunga sikuwahi kufikiri kwamba wali una harufu inayoweza kuua watu. Siku hizi nikipita kwenye ghala la shamba naisikia harufu ile kwa namna nyingine.

Halafu umefika kwa yule mtoto, Aïcha, na hapo nilisimamisha gari. Nilimtukana mama yake kwa sauti, peke yangu barabarani. Mama gani anamweka mtoto wa miaka saba mlangoni kuwajibu wenye bunduki? Ni nani aliyeandika kitabu hiki? Nipe jina lake, nimwandikie na yeye.

Kwetu mavuno yamekaribia kuisha. Mama ametaja Jumamosi ya tarehe 22 Juni, watakuja na baba mdogo kumchukua Rachida. Sanduku lake nimelishusha juu ya kabati. Hakuuliza la nini.

Amuri


Nilipo
25 Mei 2024

Amuri,

Matusi yako yamefika. Mwanamume angefungua mlango ule, angepigwa risasi au kupelekwa kubeba mizigo asirudi. Mwanamke angeufungua, nadhani unaelewa. Mtoto walikuwa wanampita tu. Walifikiri hivyo kwa sababu walilazimika kufikiri, na walikuwa na muda mfupi.

Sasa nitakusomea jinsi walivyomfundisha. Hii ni kadi ya mwisho. Isikilize gari likiwa limesimama.

Mama Msomaji


Alunguli, Kindu
10 Juni 2024

Kwa Mama Hawa, Kalima

Naandika nikiwa nimesimama. Nilijaribu kukaa, nikaona si adabu.

Kadi ya mwisho niliisikiliza kando ya barabara, kama nilivyoambiwa. Niliposikia jinsi mtoto alivyofundishwa kutazama miguu kwa sababu macho ya mtoto hayajui kudanganya, na kusema "Muchele imeisha" bila kuongeza neno, nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Nilisema moyoni, huyu ni mtu kama mke wangu. Bado sikuelewa, mama. Nilifikiri ni mtu kama yeye.

Jumapili nilivunja sheria ya mradi inayokataza familia ndani ya gari. Nilimpakia Rachida, tukatoka nje ya mji, nikamwambia kuna kitabu nataka akisikie, kina msichana atakayemwelewa. Nikawasha. Hukuwa umemaliza sentensi ya kwanza, Rachida akasema, "Mama." Nilidhani analia tu, jinsi watu wanavyomwita mama wakiumia. Akanishika mkono. "Amuri, ile njo sauti ya mama yangu."

Nilifungua mlango nikatoka. Nilikwenda mbele ya gari, nikarudi nyuma, sikujua mtu anasimama wapi. Mkwe wangu alikuwa ndani ya gari, na mimi nilikuwa nimekaa naye tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nimemtania maneno yasiyotamkika. Nilikuwa nimemweleza habari za chini ya kitanda changu. Nilikuwa nimemtukana akiwa ananitazama, au ndivyo nilivyohisi. Rachida alibaki kwenye kiti akisikiliza mpaka mwisho, mimi nikiwa nje juani.

Kwa aibu hiyo, mbuzi anakuja na pikipiki ya Félicien, ili mambo yafutwe kama inavyotakiwa. Ni mbuzi jike, mzuri. Habari ya tarehe 22 sitaiandika hapa. Si jambo la mkwe kumwandikia mkwe, na kuna watu wa kwetu ambao bado sijasema nao. Rachida atakuambia mwenyewe kitakachotokea. Hii ni barua yangu ya mwisho kwako. Nasikitika kuiandika, na sikutegemea kusikitika hivi.

Amuri


Alunguli, Kindu
30 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Ningekupigia simu, lakini ningelia, na wewe ungenikaripia kwamba namaliza salio kwa kulia.

Walikuja ile Jumamosi, mama mkwe, wifi na baba mdogo. Sanduku langu lilikuwa limefungwa, kwa sababu Amuri hakuwa ameniambia neno, na mimi sikutaka kukutwa sijajiandaa. Alitoka akawaambia uani, "Rachida hatoke. Na muchele ya hii nyumba, ye njo anajua pa kuiweka." Baba mdogo akauliza sababu. Akasema sababu ni ya mke wake, si yake kuitangaza. Mama mkwe alikasirika sana. Aliondoka bila kula wala kuaga, na mpaka leo hapokei simu ya mwanawe. Sijui itakuwaje. Amuri anasema mama yake atarudi, lakini naona anavyoitazama simu.

Kitabu chako nimekisikiliza mara mbili. Umesoma vizuri, ila kuna jambo hukulisoma kwa sababu hulijui. Wale waliopiga kelele sikuwaogopa sana. Kulikuwa na mmoja aliyekuja peke yake, wewe ulikuwa nyuma unafua. Alikaa chini mlangoni, akaweka bunduki upande wa pili ili nisiione. Akanipa biskuti. Akasema kwake ana mtoto kama mimi, akaniuliza kama nina njaa, akasema nikimwonyesha chakula kilipo tutapika pamoja na watu wote watakula. Mama, nilikuwa karibu kusema. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Nilimtazama miguu, nikamwambia imeisha, akanipapasa kichwa akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alikuwa mtu mwema au mbaya.

Ndiyo sababu mgeni mkali hanisumbui. Akija mtu kwa upole, na zawadi mkononi, mwili wangu unafunga mlango kabla mimi sijaamua. Mama mkwe alikuja na kuku. Haya yote nimemwambia Amuri, jikoni, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Aliendelea kupepeta mchele ambao hata haukuhitaji kupepetwa.

Mbuzi wako anaendeleaje? Amuri anataka kujua, kupitia kwangu, kama inavyopaswa. Anauliza pia, kupitia kwangu, kama Mama Msomaji bado anasoma, maana barabara haijafupika na redio bado inakatika. Nimemwambia nitauliza.

Jana aliniomba kitu kimoja. Alisema nifiche ninavyotaka, hatanizuia, ila nimwonyeshe ninapoweka, ili siku nikiwa sipo watoto wasilale na njaa. Nilikaa nalo mchana kutwa. Jioni nilimshika mkono nikampeleka kwenye sanduku la nguo za mtoto, nikainua nguo. Aliutazama mfuko, akazirudisha nguo moja moja jinsi zilivyokuwa.

Mahali pengine bado sijamwonyesha, mama. Na yeye hakuuliza kama papo.

Mwanao,
Rachida